Mavi ya nguruwe yana kwao, poti ya mtoto ina kwake (Sehemu ya 4)

Sehemu ya 3 tuliongelea kuhara kwa watoto. Leo naongelea nguruwe wa nyumbani, na zaidi mavi yake. Hata mimi ninao wawili nyuma ya nyumba hapa Mitundu, kwa hiyo ndoo na koleo ninavijua.

Tuelewane kwanza. Simwambii mtu auze nguruwe wake. Najua nguruwe ni nini kwenye nyumba zetu. Mvua ikikatika na alizeti ikanyauka, nguruwe ndo anayelipa sare na madaftari ya Januari. Jike mmoja akitunzwa vizuri anakupa watoto wanane, tisa, hata kumi kwa uzazi mmoja, na anabeba mimba miezi 3, wiki 3 na siku 3 tu. Mimi si adui wa kitimoto. Ninachotaka ni nguruwe akulipie ada bila kumlaza mtoto wodini.

Sasa twende kwenye shida yenyewe. Siku moja kliniki ya watoto nilikuwa nawaeleza kina mama usafi wa banda. Binti mmoja, mwanawe ana mwaka na miezi miwili, akasema kwake hakuna neno. Banda anasafisha kila asubuhi na mavi yote anamwaga kwenye shimo la samadi.

Nikamuuliza, "Na poti ya mtoto unamwaga wapi, mama?"

"Humohumo, nesi. Si yote ni mavi tu?"

Benchi zima likacheka. Lakini nikiwaangalia usoni naona wengi wanakubaliana naye. Tumekua tukiambiwa kinyesi cha mtoto mchanga hakina kitu, anakunywa maziwa tu. Wengine wanafunga kwenye nepi, wanatupa kwenye samadi, wanafukia na majani, basi imeisha.

Jamani, haijaisha. Kama utasahau yote kwenye sehemu hii, kumbuka hili: mavi ya nguruwe na mavi ya binadamu yasikutane kabisa. Sababu ni mnyoo mmoja anaitwa tegu.

Tegu wa nguruwe anahitaji nyumba mbili ili aishi, nguruwe na binadamu. Mtu akila kitimoto isiyoiva yenye vifuko vya tegu, vile vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, mnyoo unakua tumboni mwake mpaka unafika mita kadhaa. Mara nyingi hata hajui kama anao. Anapojisaidia, mayai ya tegu yanatoka na kinyesi, na hayaonekani kwa macho. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai yanaanguliwa ndani yake, yanaingia kwenye damu na kutengeneza vifuko kwenye nyama. Tunachinja, tunakula, mzunguko unaanza upya.

Umeona? Tegu hatoki kwenye mavi ya nguruwe. Nguruwe anampata kutoka kwetu sisi. Ukimwaga poti kwenye samadi, halafu nguruwe akatoroka au ukamfungulia baada ya mavuno ajitafutie, anakwenda kufukua palepale. Nguruwe hachagui. Na asipofukua yeye, hiyo samadi si utaipeleka kwenye mchicha?

Sasa sehemu inayoniuma zaidi kama nesi. Mayai hayo akiyameza binadamu badala ya nguruwe, kwa mikono michafu, kwa mboga mbichi au kwa maji, yanafanya mwilini mwake kilekile yanachofanya kwa nguruwe. Yanaingia kwenye damu. Mengine yanakwenda kwenye misuli, mengine kwenye ubongo. Kifuko kikikaa kwenye ubongo kinaweza kuleta kifafa. Hospitali ya Haydom iko Mbulu, mkoa wa jirani wa Manyara, na watafiti waliofanya kazi pale kwa miaka mingi waliwapiga wagonjwa wa kifafa picha za kichwa. Baadhi yao walikutwa na vifuko hivyo.

Si kila kifafa kinatokana na tegu. Kipo cha mtoto aliyepata shida wakati wa kuzaliwa, cha malaria iliyopanda kichwani, na cha sababu nyingine nyingi. Lakini hiki cha tegu kinazuilika kwa choo, maji na sabuni. Mama anazunguka kwa waganga miaka miwili akiambiwa mtoto amerogwa, mtoto ameacha shule, ameungua motoni kwa kuangukia jikoni. Kifafa kina dawa. Mlete kituoni.

Na usiseme "kwetu hatuli nguruwe, hayatuhusu". Anayekula nyama mbichi anapata tegu wa tumboni. Anayepata vifuko vya kichwani ni aliyemeza mayai, hata kama hajawahi kuonja kitimoto maisha yake yote. Hapa Mitundu tunaishi mchanganyiko, nyumba ya wafugaji wa nguruwe na nyumba ya Waislamu zinagawana ua na kisima. Mvua ikishuka inabeba samadi yako na kilichomo mpaka kwa jirani ambaye hata harufu ya nguruwe hataki. Ujirani mwema unaanzia kwenye shimo lako.

Hayo ni ya kinyesi cha binadamu. Mavi ya nguruwe peke yake nayo si maua. Yana vijidudu vinavyoleta kuhara, na yana mayai ya minyoo mviringo ya nguruwe ambayo humpata binadamu pia. Nzi anatua bandani, dakika mbili yuko kwenye uji wa mtoto. Pia kuna vijidudu vya pepopunda, ambavyo vinaishi kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama. Kwa hiyo mjamzito usikose chanjo ya pepopunda, na ukifanya kazi ya banda vaa buti. Kitovu cha kichanga kiache kikavu na kisafi. Usipake samadi, majivu wala udongo, hata bibi akisisitiza. Mwambie kwa heshima, "Shikamoo bibi, nesi amekataza," lawama niachieni mimi.

Haya, tunafanyaje? Hivi ndivyo ninavyofanya kwangu, na hakuna kinachohitaji mtaji mkubwa.

Kwanza, banda. Nguruwe akae ndani mwaka mzima, masika na kiangazi. Banda na shimo la samadi viwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, upande wa bondeni, yaani maji ya mvua yatoke kisimani kwenda bandani, siyo kinyume. Pima kwa hatua ndefu, kama 35 hivi.

Pili, mfundishe nguruwe choo. Watu wanamwita mchafu, wanamwonea. Nguruwe akipewa nafasi hajisaidii anapolala. Mimi pa kulala nimeinua kidogo na kutandika makavu, maji ya kunywa nimeweka kona ya mbali. Mavi yanadondoka kona ile ya maji, nazoa sehemu moja tu. Mkojo una mfereji mdogo unaokwenda kwenye kishimo chenye maranda. Yakilowa, nayazoa na kuweka mengine.

Tatu, mavi yasikae wazi. Nguruwe wa kilo 60 anatoa kilo 3 au zaidi za mavi na mkojo kwa siku. Wawili kwa wiki wanapita kilo 40. Ukirundika tu, unafuga nzi. Kwa kila ndoo moja ya mavi, mimi naweka ndoo mbili au tatu za vitu vikavu: maganda ya alizeti, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu. Singida hatuwezi kulalamika kukosa maganda ya alizeti. Tabaka la mavi, tabaka la makavu, mpaka lundo lifike kama mita moja kwenda juu. Juu kabisa nyasi, na masika turubai.

Unyevu wake uwe kama nguo iliyokamuliwa. Kiangazi chetu ni kikali, lundo likikauka linalala, halifanyi kazi, kwa hiyo nalinyunyizia maji niliyooshea vyombo. Likifanya kazi linapata joto lenyewe. Chomeka fimbo katikati, subiri kidogo, chomoa, shika. Ikikuunguza kidogo mkononi, ujue lundo linaiva. Joto likifika nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa, mayai ya minyoo yanakufa. Lakini pembeni mwa lundo hapapati joto hilo, ndo maana kila baada ya wiki mbili nageuza, vya nje viingie ndani. Baada ya miezi mitatu au minne inakuwa nyeusi, inanukia udongo wa mvua, na hakuna nzi anayeishangaa. Kama huna nguvu za kugeuza, iache ikae mpaka mwaka upite.

Nne, samadi mbichi isiguse mboga. Wakulima wa kilimo hai Marekani wakiweka samadi mbichi shambani, wanatakiwa zipite siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo. Mchicha wetu unachumwa ndani ya mwezi mmoja tu. Piga hesabu mwenyewe. Samadi mbichi ipeleke shamba la mahindi kiangazi, iwahi kufukiwa kabla ya mvua. Bustani ya nyumbani ipate ile iliyoiva.

Tano, poti na nepi. Kinyesi cha mtoto kinakwenda chooni, tangu siku ya kwanza, hata anayenyonya. Choo kiwe na mlango unaofungika, nguruwe asiingize pua. Maji uliyofulia nepi nayo chooni. Kisha mikono kwa sabuni, yako na ya mtoto. Koleo la bandani lina kazi yake, lisichote kitu kingine, na wenye miaka chini ya mitano wasichezee karibu na lundo.

Na ukiona kwenye kinyesi, chako au cha mtoto, vipande vyeupe bapa kama tambi zilizokatwa, njoo kituoni. Usijinunulie dawa ya tegu dukani. Kama mtu ana vifuko kichwani bila kujua, dawa hiyo inaweza kumwamshia degedege, ndo maana tunakuuliza maswali kwanza. Na zile siku ambapo watoto wanapewa vitamini A na dawa ya minyoo, mara mbili kwa mwaka, usibaki nyumbani.

Binti yule wa kliniki nilipomaliza kumweleza aliniuliza swali zuri: "Kwa hiyo nesi, nguruwe wangu ananiogopa mimi kuliko mimi ninavyomwogopa yeye?" Nikamwambia ndiyo mama, umenielewa kuliko nilivyoeleza.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kesho asubuhi simama mlangoni, angalia njia ya maji ya mvua inatoka wapi inaelekea wapi. Angalia kisima, choo, banda na lundo vimekaaje kwenye njia hiyo. Kama kuna kimoja kinachomwagikia kingine, anza kuchimba mfereji sasa, mvua za Desemba hazimsubiri mtu. Kina baba, koleo ni lenu.

Sehemu ya 5 nitaongelea nyama yenyewe: ukienda kununua uangalie nini, na kwa nini kitimoto ya kuchoma haraka haraka si ya kumpa mtoto. Mlale salama.