Miguu ya Rubani

Sisi tuliokulia kijiji cha Migato enzi kingali sehemu ya Bariadi, kabla ya Itilima kuwa wilaya na Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, helikopta tuliijua kwa mlio kabla ya kuijua kwa umbo. Ukivuma upande wa porini, wakubwa walitupigia kelele turudishe ng'ombe. Mlio huo kwetu ulimaanisha doria ya kuzuia mifugo hifadhini, na doria ilimaanisha mbio. Nilikua nikiichukia ile mashine, na chuki hiyo ilikuwa na woga ndani yake, kwa sababu sikuelewa kitu kisicho na mabawa kinashikwa na nini kule juu. Hata mwaka 2005, Freeman Mbowe alipogombea urais na kuzunguka nchi kwa chopa, watu wakafurika viwanjani kuitazama, mimi sikuona raha waliyoiona wenzangu.

Nashuhudia hapa kwamba nimebadilika, na kilichonibadilisha kilianza na somo la fizikia.

Nilikuwa chuo cha ualimu Mwanza. Mkufunzi wetu alinyoosha kidole kwenye pangaboi la darasani akauliza: "Mwalimu, hilo likiwaka, chuma kilicholishikilia kinabeba uzito zaidi au pungufu?" Nikajibu hakuna tofauti. Akasema pungufu, kidogo sana, kwa kuwa pangaboi linasukuma hewa chini, na hewa nayo inalisukuma juu. Kisha akauliza swali lililoninyima usingizi: na lile boksi la mota katikati, lingekuwa halijafungwa darini, lingefanya nini? Lingezunguka kinyume na mapanga yake.

Basi helikopta ina mabawa, ila yanazunguka. Robinson R44, ndogo ya viti vinne inayotumika sana Afrika Mashariki, ina mapanga mawili yenye upana wa mita 10 hivi kutoka ncha hadi ncha, yakizunguka takriban mara 400 kwa dakika. Kila panga limekatwa umbo la bawa la ndege na linaikata hewa kwa pembe. Mkono wa kushoto wa rubani umeshika wenzo unaoongeza pembe ya mapanga yote kwa pamoja, chombo kinapanda. Mkono wa kulia umeshika usukani unaobadilisha pembe ya kila panga kulingana na mahali lilipofika katika mzunguko, ili kani ilale mbele, nyuma au ubavuni, nacho chombo kinafuata huko. Miguu iko juu ya pedali za rota ndogo ya mkia, inayozuia kiwiliwili kisizunguke kinyume. Ukigusa kimoja, vingine vyote vinadai kurekebishwa. Rubani hapumziki hata sekunde.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kusimama hewani ni kazi ngumu kuliko kwenda mbele kwa mwendo wa kadiri. Ikienda, rota kubwa, yaani yale mapanga ya juu, inakutana na hewa mpya iliyotulia; ikisimama, inafanya kazi ndani ya hewa ambayo imekwisha kuisukuma chini yenyewe, na injini inadaiwa nguvu zaidi. Huku kwetu kuna deni jingine. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nasi tuko juu zaidi ya usawa wa ziwa. Hewa ni nyepesi, na jua la mchana linaizidishia wepesi. Injini ikizimika ukiwa juu, unashusha wenzo wa kushoto, hewa inayotoka chini inaendelea kuzungusha mapanga, na karibu na ardhi unautumia mzunguko huo kutua taratibu. Ukiwa chini na mwendo mdogo, nafasi ya kufanya hayo inakuwa finyu mno.

Hayo nilikuwa nayajua tayari Januari 2016, habari ilipofika. Tarehe 29 mwezi huo, rubani Mwingereza Roger Gower, mwenye miaka 37, alikuwa akiruka na mwenzake ndani ya Pori la Akiba la Maswa, wakifuatilia majangili waliokuwa wameua tembo. Majangili wakaifyatulia helikopta risasi kutoka ardhini. Risasi ikatoboa sakafu, ikampiga mguuni na begani. Akafanikiwa kuifikisha chini. Mwenzake akanusurika, yeye akafariki kwa majeraha.

Kijijini habari ilipokelewa kwa maneno mengi, mengine mazito. Mimi niliganda kwenye neno moja: mguuni. Miguu ndiyo inayoshikilia mkia. Nilijua mtu yule alidaiwa nini katika dakika zile, kila kiungo kina kazi yake na mguu umepigwa risasi. Na kilichomfanya aruke chini, polepole, mahali ambapo mashine yake ni dhaifu kuliko popote, ni kutaka kuona kilichofanyika pale. Tembo wa nchi hii walikuwa wamepungua kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014.

Chuki yangu iliisha hapo. Katika mlio ule nilianza kumsikia mtu.

Sijaacha kuwatetea wafugaji. Mipaka ya hifadhi na malisho inahitaji mazungumzo ya kweli, na tembo wakiingia kwenye mahindi ya mtu, anayelala njaa si tembo. Haya nayasema mikutanoni bila kificho. Lakini mtu akitamka mbele yangu kwamba chopa ikishuka chini itunguliwe, sinyamazi; namweleza aliyemo ndani ameshika nini kwa mikono na anakanyaga nini kwa miguu. Baba mdogo wangu, aliyenifundisha kuchunga, ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza: "Na ng'ombe wangu, mwanangu, nani anajua miguu yao inakanyaga wapi?" Swali lake ni la haki, nami kila nikienda Migato tunalirudia hadi usiku.