Bustani ya Baya wa Blida

Msafiri atokaye Algiers kuelekea kusini-magharibi huupita uwanda wa Mitidja, nchi tambarare yenye rutuba, na baada ya kilomita 50 hivi huwasili Blida, chini ya milima ya Atlas. Waaljeria huuita mji wa waridi. Katika karne ya 16, walii Sidi Ahmed el-Kebir aliwapokea huko Waislamu waliokimbia Andalusi, na maji ya mlimani yakaelekezwa kwa mifereji hadi mashambani. Wageni hao walikuja na ujuzi wa bustani na muziki wao. Hata leo, michungwa na nyimbo za Kiandalusi ni sehemu ya sifa za Blida.

Mwezi wa Novemba 2022, bustani ya mji huo ilifunguliwa jijini Paris. Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu, iliyo kando ya mto Seine, iliandaa maonyesho ya kumkumbuka mchoraji Baya Mahieddine, katika mwaka ambao Algeria ilitimiza miaka 60 ya uhuru. Yaliitwa “Wanawake katika Bustani Yao”. Yalidumu hadi Machi 2023, kisha yakahamia Marseille, mji wa bandari unaotazamana na Algeria ng’ambo ya bahari.

Ukuta wa kusini wa taasisi hiyo umepambwa kwa vipande vya chuma mfano wa mashrabiya, yale madirisha ya mbao yenye matundu. Nyuma yake zilitundikwa picha za wanawake waliovaa nguo za maua, kila mmoja na jicho kubwa kama lililotiwa wanja. Wamezungukwa na ndege, vipepeo, samaki, matunda na ala za muziki. Hakuna kivuli, wala mwanamume. Suala la hukumu ya kuchora viumbe tunawaachia masheikh wetu. Hapa tunamtazama mtu na kwao.

Baya alizaliwa mwaka 1931 huko Bordj el-Kiffan, karibu na Algiers, akapewa jina la Fatma Haddad. Alifiwa na wazazi wote wawili angali mdogo, akalelewa na bibi yake na kufanya kazi katika shamba la maua la walowezi. Shule hakuiona. Mama mmoja wa Kifaransa, Marguerite Caminat, alimchukua nyumbani kwake Algiers, akampa karatasi na rangi. Mwaka 1947, kabla hajatimiza miaka 16, kazi zake zilionyeshwa Paris na mfanyabiashara wa sanaa Aimé Maeght. Wakubwa wa sanaa walimstaajabia. Wengine walimtazama kama ajabu iliyotoka mbali. Mwaka uliofuata alifinyanga udongo huko Vallauris, alikokutana na Picasso.

Mwaka 1953 aliolewa Blida na El Hadj Mahfoud Mahieddine, bingwa wa muziki wa Kiandalusi. Kwa takriban miaka 10, ambamo vita vya ukombozi vilipiganwa, hakushika brashi. Dunia ingeweza kumsahau. Lakini baada ya uhuru, jumba la makumbusho la Algiers lilinunua na kuonyesha picha zake, naye akahimizwa kurudi kazini. Akarudi, huku akilea watoto sita, na safari hii udi na fidla za nyumba ya mumewe zikachukua nafasi kati ya ndege na maua.

Miaka ya 1990, damu ilipomwagika Algeria na eneo la Blida likawa miongoni mwa yaliyoumia zaidi, wasanii wengi walihama. Baya alibaki. Aliendelea kuchora mapambo yale yale ya neema, na alifariki Blida mwaka 1998. Ndiyo maana bustani ile haiwezi kuitwa ndoto ya mtu asiyejua dhiki: mwenye kuichora aliujua uyatima, alizijua vita mbili, na mlango wake ulikuwa karibu na hofu.

Ndugu msomaji, hapa Pwani tunao mabinti wanaochora hina mikononi mwa maharusi, na wanaodarizi kofia kwa subira ya miezi. Huenda nyumbani kwako yupo anayejaza maua pembezoni mwa daftari. Kabla hujamkemea, mpe karatasi tupu. Na akiolewa, akazaa, akanyamaza miaka 10, usidhani kipaji kimekufa. Muulize tu rangi zake ziko wapi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Baya, na azihifadhi bustani za nyumba zetu. Amin.