Usiuze Ploti Kabla ya Kusoma Masharti

Ikiwa kuna kijana nyumbani kwako aliyehitimu chuo kikuu na bado anazunguka mjini na bahasha ya vyeti kwapani, bila shaka umekwisha kuambiwa kwamba akipata shahada ya pili mambo yatanyooka. Zamani wengi walitaka ile ya biashara. Siku hizi wanataka shahada ya uzamili ya usalama wa kompyuta na mitandao.

Siwalaumu hata kidogo. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, pesa zetu zimehama kutoka chini ya godoro na kuingia katika mitambo tusiyoiona. Mnamo Julai 2023 huduma za eCitizen zilivurugika baada ya kushambuliwa, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Mbinu yenyewe haikuwa ya ajabu. Ni kama watu elfu kumi kujazana mlangoni pa duka bila nia ya kununua chochote, hadi mwenye haja ya sukari akose pa kupita. Ni dhahiri kwamba nchi inahitaji walinzi wa milango ya aina hiyo. Lakini mlinzi hafanywi na gwanda.

Jambo hili limebisha hodi kwetu pia. Binti ya kaka yangu alitangaza kwamba anataka kusomea kazi hiyo, na baba yake, kwa mapenzi ya mzazi, akaamua kuuza ploti yake ya futi hamsini kwa mia ili alipe karo. Mkewe alikataa katakata. Nyumba ikagawanyika pande mbili, na mimi, kwa kuwa nimefundisha hisabati miaka mingi, nikaitwa niamue. "Shangazi," binti akaniuliza, "wanataka nini hasa?" Nikaona swali hilo linastahili kujibiwa kabla ya mtu yeyote kugusa hati ya ploti. Haya ndiyo tuliyoyapata, nami nakupa wewe pia.

La kwanza ni shahada ya kwanza, iwe ya sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa umeme, hisabati au fani iliyo karibu na hizo. Vyuo vingi hupenda daraja la pili la juu. Binti yetu alipata daraja la pili la chini, naye alikuwa amekwisha kujihesabu miongoni mwa walioanguka. Kumbe sivyo. Vyuo vingi humkubali mwenye daraja hilo akiwa na uzoefu wa kazi, mara nyingi wa miaka miwili hivi. Yeye ameitunza mitambo ya chama cha akiba na mikopo kwa muda kama huo. Kazi aliyokuwa akiidharau ndiyo iliyomfungulia mlango.

La pili ni hisabati, na hapa ndipo vijana wengi hushtuka. Chukua 61 uzidishe kwa 53, utapata 3233. Sasa mpe jirani yako 3233 umwambie atafute namba mbili zilizozidishwa. Atatoka jasho. Ukitumia namba zenye tarakimu mamia, hata kompyuta zenye nguvu hushindwa. Juu ya ugumu huo ndipo Rivest, Shamir na Adleman walipojenga mwaka wa 1977 njia ya kuficha ujumbe iitwayo RSA. Kwa hiyo anayeomba nafasi hii ajiandae kwa nadharia ya namba, mantiki, na hesabu za uwezekano. Aliyechagua kompyuta ili aikimbie hisabati ataikuta imeketi darasani ikimsubiri.

La tatu ni kuifahamu mitandao yenyewe. Mwombe kijana wako akueleze, kwa lugha ya nyumbani, kinachotokea kati ya kubonyeza "tuma" na barua kufika kwa shangazi yake Mombasa. Akiweza kukueleza jinsi ujumbe unavyokatwa vipande, kila kipande kikaandikwa anwani na kupitishwa njia yake, basi ana msingi. Aidha, awe amezoea mfumo wa Linux na kuandika programu, kwa mfano kwa Python au C. Asiyejua jinsi nyumba inavyojengwa hawezi kukuambia mwizi atapitia wapi.

La nne haliandikwi sana katika fomu, lakini ndilo kubwa: subira na uadilifu. Mwaka wa 1986 Clifford Stoll, mtaalamu wa nyota aliyekuwa akisimamia kompyuta katika maabara ya Berkeley, Marekani, aliona hesabu za matumizi zimepungua senti 75. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia kwa miezi mingi, na mwisho akamfikia mdukuzi aliyekuwa Ujerumani. Kwa upande mwingine, Novemba 1988 mwanafunzi wa Cornell, Robert Tappan Morris, aliachilia programu iliyojisambaza yenyewe na kulemaza maelfu ya kompyuta. Alihukumiwa miaka mitatu ya kuchunguzwa, saa 400 za kutumikia jamii na faini ya zaidi ya dola 10,000. Baadaye alikuja kuwa profesa, lakini usimwambie mwanao ategemee bahati ya aina hiyo. Sheria yetu ya mwaka wa 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta iliweka faini ya hadi shilingi milioni tano, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayeingia katika mitambo ya mwenzake bila ruhusa. Kujaribu kufuli ya jirani si mazoezi ya masomo.

Kisha kuna makaratasi: vyeti, matokeo ya masomo yote, barua mbili au tatu kutoka kwa walimu na waajiri, na maelezo ya kwa nini unataka kusoma. Ukienda ng'ambo, mara nyingi utatakiwa kufanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na alama 6.5 ndizo huombwa na vyuo vingi. Uingereza masomo haya huchukua mwaka mmoja. Hapa kwetu kwa kawaida ni miwili. Royal Holloway, chuo cha University of London, kilianza shahada hii mwaka wa 1992, na hapa Nairobi Chuo Kikuu cha Strathmore nacho kilianzisha ya usalama wa mifumo ya habari. Asiye na uwezo ajue kuna misaada kama Chevening, ambayo hudai uzoefu wa saa 2,800 kazini na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili.

Tukiwa katika shughuli hiyo akajitokeza wakala mmoja, kijana mwenye tai na maneno matamu. Alisema kwamba anaweza kumpatia binti nafasi ng'ambo bila kuangalia matokeo, mradi tutume "ada ya kuhifadhi kiti" kwa simu yake siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi. Kaka yangu alikuwa amekwisha kutoa simu mfukoni. Binti ndiye aliyemzuia. "Baba," alisema, "mtu anayekuharakisha hataki ufikiri. Hivyo ndivyo wanavyoibia hata wanachama wetu." Akaandika kwa chuo chenyewe, akajibiwa kwamba hakuna wakala mwenye jina hilo.

Mimi nilipoona hivyo nilijua kwamba msichana huyu anafaa kwa kazi hii, hata kabla chuo hakijasema neno.

Tuliamua hivi. Ploti inabaki. Binti ataomba nafasi ya masomo ya jioni hapa Nairobi huku akiendelea na kazi, mshahara wake ulipe sehemu ya karo, na sisi jamaa tuchangie iliyobaki muhula kwa muhula. Jumamosi anakuja kwangu na daftari tunafanya hesabu. Mama yake sasa anamtania kwamba amerudi shule ya msingi.

Nawe, msomaji, usikubali kijana wako akutajie bei ya masomo kabla hajakutajia masharti. Mketishe, mwulize amepata daraja gani, amefanya kazi gani, hisabati anaionaje, na chuo chenyewe kimemwandikia nini. Akijibu yote bila kupepesa macho, mchangie kwa moyo mmoja. Akibabaika, mpe mwaka mmoja ajiandae. Mwaka mmoja si mwingi, na ploti ikishauzwa hairudi.