Faili Likikataa Kufunguka: Kufundisha Ruhusa za Mafaili katika Linux

Mwalimu afundishaye vitendo bila kueleza sababu zake humwachia mwanafunzi mzigo, kwa maana kitendo kimoja kikibadilika mwanafunzi hukwama. Jambo hili hudhihirika sana katika somo la kompyuta. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi ninavyowaongoza wanachuo wangu kutatua tatizo liwasumbualo wengi watumiao mfumo wa Linux: faili lipo, jina lake linaonekana katika dirisha la mafaili, lakini kompyuta inakataa kulifungua au kulihifadhi, ikisema kwamba ruhusa haipo. Huenda nawe, mwalimu mtarajiwa, ukapangiwa shule yenye kompyuta chache kuukuu zilizowekewa mfumo huu kwa kuwa hupatikana bila malipo. Ni vema ulifahamu jambo hili mapema.

Kanuni yetu ya kwenda kutoka yanayojulikana hadi yasiyojulikana inafaa sana hapa. Kabla ya kuwasha kompyuta huwauliza wanachuo: Ni nani aandikaye katika daftari la mahudhurio? Ni nani awezaye kulisoma tu? Ni nani asiyepaswa hata kulifunua? Majibu yao huwa ndiyo somo lenyewe. Linux ilirithi mpango wake wa ruhusa kutoka mfumo wa Unix, ulioanzishwa katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969. Katika mpango huo kila faili lina mwenyewe, lina kikundi chake, na watu waliobaki huitwa wengine. Kila mmoja wa hao watatu hupewa au hunyimwa mambo matatu: kusoma, kuandika na kutekeleza. Kwa folda, kutekeleza maana yake ni kuruhusiwa kuingia ndani.

Ruhusa hizo huandikwa pia kwa tarakimu: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Hivyo 640 humaanisha kwamba mwenyewe husoma na kuandika, kikundi husoma tu, na wengine hawana kitu. Waulize wanafunzi kwa nini zilichaguliwa 1, 2 na 4, wala si 1, 2 na 3. Wakijaribu kujumlisha watagundua wenyewe kwamba 3 ingeweza kuwa na maana mbili. Hapo hesabu na kompyuta huwa somo moja.

Sasa nieleze mkasa uliotufundisha mengi. Mwaka mmoja, juma moja kabla ya mazoezi ya kufundisha, fundi alihamisha maandalio ya masomo ya wanachuo kutoka kompyuta mbovu hadi nyingine. Alinakili kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, na kwa sababu hiyo mafaili yote yakawa mali ya msimamizi. Asubuhi iliyofuata baadhi ya wanachuo waliona alama ndogo ya kufuli juu ya mafaili yao. Waliweza kuyasoma lakini hawakuweza kuhifadhi masahihisho. Wengine hawakuweza hata kuyafungua. Wasiwasi ulikuwa mkubwa, kwani wengine walikwisha kuandaa masomo ya majuma matatu.

Sikuwaambia wabofye wapi. Niliwataka wabofye faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, wachague sifa zake, kisha wasome sehemu ya ruhusa na kuniambia wanachokiona. Walisoma kwamba wao si wenyewe wa faili, na kwa hiyo hawawezi kubadili ruhusa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza: soma maneno ya kompyuta hadi mwisho. Hatua ya pili ni kuuliza, mimi hapa ni nani: mwenyewe, mwanakikundi, au mmoja wa wengine? Hatua ya tatu ni kuuliza, mtu wa namna yangu ameruhusiwa nini?

Kwa maswali hayo walitambua kwamba yalikuwa matatizo mawili, si moja. Wale waliokuwa wameruhusu wengine kusoma mafaili yao waliweza kuyanakili katika folda zao binafsi. Nakala ni mali ya aliyeinakili, basi kazi ikaendelea mara moja. Wale waliokuwa wameyafanya mafaili yao kuwa ya siri, yaani 600, walifungiwa nje kabisa. Hao dawa yao ilikuwa moja tu: msimamizi kuwarudishia umiliki kwa amri ya chown. Kabla ya saa sita mchana kila mtu alikuwa na maandalio yake.

Wakati wa msukosuko ule mwanachuo mmoja alishauri tufungue kila kitu kwa kila mtu, yaani 777, ili tusisumbuke tena. Ushauri huo husikika mara nyingi nao ni wa hatari. Katika chuo kimoja nilichopata kufanya kazi folda ya pamoja ilikuwa wazi namna hiyo. Siku mbili kabla ya kukaguliwa, mwanachuo mmoja alikuta azimio lake la kazi la muhula mzima limefutwa. Aliyelifuta hakujulikana, kwa kuwa kila mtu aliweza kulifuta. Binti yule alikesha akiandika upya kwa mkono.

Wanafunzi hushangaa kusikia kwamba faili lenye kufuli laweza kufutwa na asiye mwenyewe. Sababu ni kwamba kufuta hakubadilishi faili, bali hubadilisha orodha ya folda. Mwenye ruhusa ya kuandika katika folda aweza kuondoa jina lililomo. Kwa hiyo faili likifutwa kiajabu, kagua folda kwanza. Folda ya pamoja ipewe kikundi cha wanachuo, pamoja na alama maalumu, kama ile ya folda ya /tmp, izuiayo mtu kufuta mali ya mwenzake.

Yako mambo mengine mawili ya kukumbuka. Mtu aliyeingizwa katika kikundi kipya hana budi kutoka katika mfumo na kuingia tena, ndipo ruhusa zake zianze kufanya kazi. Tena, flashi nyingi hutumia mpango wa FAT usiohifadhi umiliki wala ruhusa hizi. Ukibadili ruhusa humo hazikai, wala kosa si lako.

Nawaasa walimu watarajiwa: mwanafunzi akikwama, usimnyang'anye kipanya. Muulize faili ni la nani, yeye ni nani mbele ya faili hilo, na ameruhusiwa nini. Akiweza kuyajibu hayo matatu, atajua lini ajisaidie mwenyewe na lini amwite msimamizi. Naye ataelewa kwamba kufuli lililowekwa mahali pake hulinda kazi ya mwenzake kama linavyolinda yake.