Wandegeya: Mahali Alipopigiwa Picha Kaka Yetu

Mtu atokaye katikati ya jiji la Kampala, akashika barabara ya Bombo kuelekea kaskazini, haendi mbali kabla hajaingia Wandegeya. Mkono wa kushoto kimesimama kilima cha Makerere chenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1922. Mkono wa kulia kuna Mulago na hospitali yake kubwa. Kati ya vilima hivyo viwili ndipo lilipo soko, msikiti, maduka ya vitabu na nakala, na wachoma kuku ambao moshi wao haukatiki tangu jioni hadi usiku wa manane. Wanafunzi hujazana hapo wakila roleksi, nayo ni chapati iliyokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga. Mgeni asiile akiwa amevaa shati jeupe.

Wenyeji husema jina la mtaa limetokana na ndegeya, yaani mnana, ndege wale wafumao viota vikaning'inia matawini kama vikapu. Zamani, wasema, walijaa katika miti ya hapa. Siku hizi miti imepungua, na ndege aonekanaye zaidi ni yule korongo mkubwa mwenye upara, ambaye Waganda humwita kaloli, asimamaye juu ya mapaa kama karani asiye na haraka.

Nilikuja Wandegeya nikiwa na picha moja ndani ya bahasha. Ni picha ya rangi nyeusi na nyeupe, upana wake haupiti kiganja. Kijana wa miaka 20 ameketi juu ya kiti, mikono juu ya magoti, sare imempwaya mabegani, viatu vyake vya mpira vimepakwa tope hadi katikati ya muundi. Nyuma yake limetundikwa pazia lililochorwa ziwa na mashua. Nyuma ya picha pana muhuri wa wino uliofifia, ambao maneno mawili tu yanasomeka: Wandegeya, Kampala. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu: Aprili 1979.

Huyo ni kaka yetu mkubwa. Kwetu ni Iramba, mkoani Singida, nchi ya mtama na ng'ombe, na kabla ya vita hakuwa amewahi kuona ziwa kubwa wala nyumba ya ghorofa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu na kuitwaa ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Siku chache baadaye wakalivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita mwezi Novemba, mgambo walioitwa vijijini walikuwa maelfu kwa maelfu. Kaka alikwenda kwa lori hadi Mwanza, kisha kwa meli hadi Bukoba. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 12, nikaachiwa ng'ombe wake niwachunge mpaka atakaporudi.

Habari za vita wasomaji wengi wanazijua: Mutukula mwezi Januari, Masaka na Mbarara mwezi Februari, vinamasi vya Lukaya mwezi Machi, Entebbe tarehe 7 Aprili, na Kampala yenyewe tarehe 10 na 11 Aprili 1979. Sehemu kubwa ya njia hiyo askari wetu waliitembea kwa miguu. Watu wa Kampala wa umri wangu bado wanaukumbuka mvumo wa mizinga ya roketi waliyoiita sabasaba, na bado wanalo neno walilowapa wale askari, bakombozi, ambalo ni wakombozi wetu aliyevikwa kanzu ya Kiganda.

Picha hii haikuletwa na kaka. Aliileta mwenzake wa kijiji cha jirani, aliyerudi nyumbani mwaka 1981, majeshi yetu yalipoondoka Uganda. Alimweleza mama kwamba baada ya Kampala kuanguka kikosi chao kilipumzishwa Wandegeya. Walilala kwenye baraza za maduka, wakaletewa matoke, chakula ambacho kaka alikichungulia kwa muda mrefu kabla ya kukionja. Kisha akaingia kwa mpiga picha. Akaambiwa picha itakuwa tayari baada ya siku tatu. Kesho yake alfajiri malori yakapakia watu kwenye barabara ya Bombo kuelekea kaskazini. Yule mwenzake akabaki nyuma kwa sababu ya malaria. Siku ya tatu aliichukua picha kwa niaba ya rafiki yake. Kwa hiyo kaka hakupata kuiona.

Barabara hiyo inakwenda Bombo, Luwero, hadi daraja la Karuma juu ya mto Nile, ambako palipiganwa tarehe 17 Mei. Vita vyenyewe vilimalizika tarehe 3 Juni, askari wetu walipofika mpaka wa Sudan. Kati ya lori lile la Wandegeya na mpaka ule, hatukupata tena mtu aliyemwona.

Katika ofisi moja tuliyoiendea mara nyingi tuliambiwa tusubiri, na tulisubiri. Nimefika Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa mashujaa wa vita hivyo, nikapita kati ya makaburi yale yaliyotunzwa vizuri. La kwetu halipo, kwa kuwa mwili wetu haukupatikana. Nyumbani matanga hayakuwekwa. Mama alikataa katakata: hamlilii mtu ambaye hamjaambiwa amekufa. Ng'ombe wake wakaendelea kuitwa wake, na ndama wao wakaitwa wake, hata boma likawa na mifugo mingi ya mtu asiyekuwapo, ambayo hakuna aliyethubutu kuiuza hata mwaka wa njaa. Mama amekwisha kufariki. Mwaka huu dada yetu, ambaye naye ni mzee, aliamua kwamba tumlilie kaka kabla sisi wenyewe hatujaliliwa. Akaniagiza udongo wa mahali pa mwisho alipojulikana kuwa hai.

Ni rahisi kumwagiza mtu udongo. Wandegeya nzima ni lami, saruji na matofali. Nilizunguka soko jipya la ghorofa mara mbili nikiwa na mfuko wangu wa plastiki kama mwendawazimu. Mwishowe niliketi kwa bibi mmoja auzaye ndizi za kuchoma, nikamwamkia kwa Kiswahili. Alinitazama kwanza. Kwa watu wengi wa rika lake Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, nao hawakukosa sababu ya kukiogopa. Nikampa picha.

"Bakombozi," akasema.

Hakumtambua, wala hakujisingizia kumtambua, nami namshukuru kwa hilo. Alilitambua pazia. Mpiga picha huyo, alisema, alikuwa akiwapiga wanafunzi wa Makerere siku za mahafali. Askari walipofika walikaa foleni kwake kama wanafunzi. Wengine walikuwa watoto wema waliowagawia majirani chumvi, wengine walichukua redio ya mjomba wake. Picha nyingi hazikufuatwa na wenyewe. Mpiga picha alizitunza katika kopo la biskuti kwa miaka, hata alipokufa likapotea. Akanionyesha chumba chenyewe: sasa ni kibanda cha kutuma pesa kwa simu.

Nilipomweleza habari ya udongo hakucheka. Aliinuka, akasogeza jiko lake la mkaa, akang'oa tofali moja la ukingo wa mfereji, na chini yake palikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Akanijazia mfuko kwa mikono yake. "Kulika, ssebo," akaniambia. Ndivyo Waganda wampavyo pole na heko mtu aliyetoka safari.

Nikamwomba kijana wa kibanda cha pesa anipige picha kwa simu yangu, mlangoni pale. Alikuwa na Kiswahili kidogo, cha shuleni. Nikasimama, nikaishika picha ya kaka kifuani. Kijana akaitazama kwa makini, akanitazama na mimi mvi zangu.

"Mzee," akauliza, "huyu ni mtoto wako?"

Nikamwambia hapana, ni kaka yangu mkubwa.