Mwandishi wa Bongwe na Mlango wa Kongamano

Wahenga wa pwani waliacha methali mbili zisizopatana. Ya kwanza husema kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ya pili hukumbusha kuwa mtembezi hula miguu yake. Mwandishi chipukizi anayewaza kufunga safari kwenda kwenye kongamano la waandishi husimama katikati ya methali hizo. Yamkini atakutana huko na mhariri, mchapishaji au mwandishi mwenzake atakayemwonyesha njia. Yamkini pia atarejea na mkoba, kalamu na picha tu, ilhali nauli imekwenda na maji. Insha hii inakusudia kuuliza ni nani hasa hufaidi katika mikutano ya namna hii, na ni nani huachwa nje ya mlango.

Mfano mashuhuri zaidi katika Afrika Mashariki ni ule wa Makerere. Mnamo Juni 1962, mjini Kampala, lilifanyika kongamano la waandishi wa Kiafrika watumiao lugha ya Kiingereza. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Ezekiel Mphahlele, na kutoka Kenya alikuwapo Grace Ogot. Miongoni mwao alikaa mwanafunzi wa chuo hichohicho, James Ngugi, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, na aliyefariki Mei 2025. Hakuwa amechapisha kitabu hata kimoja. Sifa yake ilikuwa hadithi fupi chache. Hata hivyo, alikuwa na mswada wa riwaya ambayo bado ilikuwa ikiandikwa, naye akaomba Achebe ausome. Achebe aliusoma. Mnamo 1964 kampuni ya Heinemann ikaichapisha riwaya hiyo, Weep Not, Child, katika mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika ambao Achebe alikuwa mshauri wake.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kana kwamba kilikuwa bahati nasibu. La hasha. Mwaka uliotangulia, 1961, kijana huyo alikuwa amekwisha kukamilisha mswada mwingine na kuuingiza katika shindano la uandishi. Kongamano halikumpa kipaji wala bidii. Lilimfupishia njia tu. Asiyekuwa na mswada hana njia ya kufupishiwa.

Lakini kongamano hilohilo lina upande wa pili. Katika mji wa Tanga, ulio karibu zaidi na Bongwe kuliko ulivyo mji wa Nairobi, aliishi Shaaban Robert, mwandishi aliyekuwa amekwisha kutoa tenzi, diwani, insha na hadithi, ikiwamo Kusadikika ya 1951. Hakualikwa. Hakukosa uzito wala umaarufu. Jina lenyewe la kongamano lilikuwa limemfungia mlango, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Mwezi huohuo wa Juni 1962 Shaaban Robert akafariki dunia. Mnaijeria Obi Wali aliinua suala la lugha mwaka 1963 katika jarida la Transition, naye Ngũgĩ mwenyewe akalikumbusha jambo la Shaaban katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986. Mlango uliomfaa mmoja ulikuwa ukuta kwa mwingine.

Pwani ya Kenya ilikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo hata kabla ya Makerere. Mnamo 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya mji uleule uliokuwa mwenyeji, yenye hazina kubwa ya ushairi, kikawekwa kando. Kwa mwandishi wa Kwale, aliyelelewa kwa Kidigo jikoni na Kiswahili cha pwani sokoni, uamuzi ule bado unaishi katika kalamu ya mhariri anayekata neno la nyumbani na kuandika pembeni kuwa si sanifu. Mikutano ina nguvu. Asiyekuwamo huamuliwa.

Sasa na atazamwe mwandishi wa Bongwe wa leo. Kijiji hiki kiko nyuma ya hoteli za ufuo wa Diani, katika wadi ya Gombato-Bongwe. Kumbi za Diani hupokea warsha na mikutano ya kila aina, na vijana wengi wa vijiji vya jirani huzijua kwa kupanga viti na kuandaa chai ya saa nne, si kwa kuketi mbele na kusikilizwa. Mkutano unaomhusu mwandishi huyu aghalabu hufanyika mbali. Atapanda matatu hadi Likoni, avuke kwa feri, kisha ashike basi au treni ya kwenda Nairobi. Kuna nauli, kuna malazi, kuna ada ya ushiriki. Fedha hizo mara nyingi si zake. Ni nazi zilizouzwa, ni korosho, ni mahamri yaliyokaangwa alfajiri. Jirani akimuuliza mama mwanawe amekwenda kutafuta nini huko, mama hana jibu jepesi la kumpa.

Je, amekwenda kutafuta wakala? Katika London na New York, wakala wa fasihi ndiye mshenga kati ya mwandishi na mchapishaji. Katika Kiswahili mshenga huyo ni adimu mno, na sababu yake ni ya hesabu. Na tuchukue kitabu cha shilingi 500 ambacho mwandishi hulipwa mrabaha wa asilimia 10. Zikiuzwa nakala 1,000, mwandishi atapata shilingi 50,000. Wakala akitwaa asilimia 15 ya fedha hizo, kiwango kilichozoeleka Uingereza na Marekani, atabaki na shilingi 7,500. Nani atafunga ofisi nyingine afungue hiyo? Vitabu viuzwavyo kwa wingi ni vile vinavyoteuliwa kufundishwa shuleni, na huko mchapishaji mwenyewe ndiye apelekaye kazi ili iidhinishwe. Kwa hiyo, mwandishi wa Kiswahili hana budi kuwa mshenga wa nafsi yake. Wa kumtafuta ni mhariri, na baada ya mhariri, mwandishi mwenzake.

Kumtafuta mhariri kuna adabu zake. Mswada wa kurasa 300 haukabidhiwi mtu aliyeshika kikombe cha chai. Kinachofaa ni salamu, jina, na maelezo ya sentensi tatu: kazi ni ya utanzu gani, inasimulia nini, na kwa nini imeletwa kwa mchapishaji huyo na si mwingine. Mhariri akisema, "Nitumie," neno hilo si ahadi, lakini si haba. Linapaswa kujibiwa kwa kutuma kazi iliyosafishwa, mapema, na kisha kusubiri kwa miezi bila kunung'unika. Ama mwandishi mwenzake, huyo huenda akamfaa zaidi. Mtu wa Vanga au wa Pemba atakayesoma sura ya kwanza usiku, na asubuhi aseme bila kuficha mahali ilipolegea, amempa zawadi isiyopatikana kwenye mkoba wa kongamano.

Ushirika wa namna hiyo una asili yake papa hapa pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, hakuwa na wakala. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kumsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuyaandika, hata yakaja kuchapishwa kitabuni mwaka 1940. Muyaka amewafikia wanafunzi wa leo kwa sababu mjini mwake palikuwa na msomaji mmoja aliyejua thamani ya alichokisikia. Kabla ya kwenda mbali kumtafuta Achebe, inafaa kuuliza Sikujua wa kijijini ni nani.

Swali hilo linawahusu pia wenye Kiswahili vyuoni. Makongamano ya Kiswahili ni mengi, yakiwamo ya CHAKITA, CHAKAMA na CHAWAKAMA. Lakini aghalabu tiketi ya kupanda jukwaani ni ikisiri. Mhakiki anayo, mshairi hana, ana mashairi tu. Matokeo yake ni kwamba riwaya huchambuliwa kwa nadharia tatu, huku mwandishi akiwa hayupo au akiwa ameketi nyuma kama mgeni. Makerere ya 1962 ilimwacha nje Shaaban Robert kwa sababu ya lugha yake. Itakuwa ajabu ikiwa kongamano la lugha hiyohiyo litamwacha nje mrithi wake kwa sababu hana makala ya kitaaluma.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Nusu siku inaweza kutengwa katika kila kongamano kwa ajili ya miswada: waandishi kumi, wahariri wawili watatu, meza moja, kurasa kumi kwa kila mmoja. Ada inaweza kusamehewa kwa asiye na mshahara. Na mwaka mmoja mkutano unaweza kuondoka mijini ukafuata kazi ilipo, ukafanyika katika darasa la shule ya msingi huko Kwale, chini ya minazi, wanakijiji wakisikiliza. Hapo mama aliyeuza nazi ataketi mstari wa mbele, asikie kazi ya mwanawe ikisomwa, na atajua mwenyewe fedha zake zilikwenda kutafuta nini.