Mbwa Wetu Hula Nini?

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za askari, polisi na watumishi wa serikali, mbwa ni mlinzi wa zamu asiyepokea mshahara. Sisi tunapolala yeye hukesha, na akisikia hatua ngeni uani hutuamsha. Mke wa askari aliyeko Makenke, ambaye mumewe yu safarini kwa miezi, anaijua thamani ya mlinzi huyo. Asubuhi ikifika malipo yake ni sahani moja tu ya chakula. Ni juu ya sahani hiyo ninapopenda kuzungumza leo, kwa maana mimi mwenyewe nilimlipa mlinzi wangu sumu, na nusura niwape wanangu pia.

Ninafanya kazi Oruchinga, katika makazi ya wakimbizi yaliyomo wilayani Isingiro, kusini ya Mbarara. Oruchinga na jirani yake Nakivale ni makazi ya siku nyingi, tangu zama zile za mwaka 1960 Wanyarwanda walipokimbilia Ankole. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na kule Nakivale Wasomali pia, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni. Kabla ya kuajiriwa huku nilisomea ualimu na kupata cheti, na hata sasa majirani huniita Mwalimu. Mume wangu ni polisi, na zamu zake nyingi ni za usiku. Ndiyo sababu tulimfuga Simba, mbwa mwekundu wa rangi ya udongo wetu, ambaye jina lake lilikuwa kubwa kuliko mwili wake.

Chakula cha Simba hakikunisumbua akili hata siku moja. Alikula makombo ya matoke, ukoko wa posho, mchuzi uliobaki, ganda la parachichi, gunzi la mahindi ya kuchoma. Nilidhani tumbo la mbwa ni shimo la taka lisilojaa wala kuugua.

Miaka miwili iliyopita mvua za mwisho wa mwaka zilichelewa kwisha, tukavuna mahindi yangali na unyevu. Niliyaanika juu ya ardhi tupu kwa siku tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za mawingu. Kisha, kwa haraka ya kazi za ofisini, niliyafunga katika magunia ya nailoni na kuyaegemeza ukutani juu ya sakafu. Mwezi wa Februari nilipofungua gunia la kwanza, nilipokewa na joto na harufu ya ukungu. Nikafanya kama afanyavyo mama yeyote asiyependa kutupa mali: nilichambua. Punje nyeupe niliziweka kando kwa ajili ya watoto. Zilizogeuka kijani na nyeusi nikazitia katika debe bovu, nikamwambia binti yangu, “Hizi ni za Simba.”

Baada ya wiki tatu hivi Simba alianza kuacha chakula. Tulidhani amekula mzoga. Akatapika, akawa analala mchana kutwa chini ya mgomba, na siku ya tano niliona weupe wa macho yake umegeuka manjano, na fizi zake vile vile. Kinyesi chake kilikuwa cheusi kama lami. Daktari wa mifugo alifika jioni kwa pikipiki, akamchunguza kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

“Alikuwa anakula nini, mama?”

“Chakula cha nyumbani tu, daktari. Posho.”

“Posho ya mahindi gani?”

Nilimletea lile debe. Aliyanusa mahindi, wala hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: “Na watoto je, wanakula mahindi ya gunia lipi?”

Sikuwa na jibu, kwa maana gunia lilikuwa lile lile.

Simba hakuiona asubuhi. Daktari hakudai kwamba ana hakika, kwa kuwa hapakuwa na maabara karibu ya kupima, lakini dalili zote, alisema, zilielekea kwenye sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na aina fulani ya ukungu unaoota katika mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizohifadhiwa na unyevu. Huharibu ini. Haiishi kwa kusagwa, wala moto wa jikoni hauiondoi. Kuchambua kwa macho husaidia, lakini hakutoshi, kwani punje iliyo nyeupe yaweza kuwa nayo.

Nilipokwenda kusoma habari zake, niliona kwamba wanyama ndio waliotangulia kutuonya. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na kutokana na msiba huo wataalamu wakaitambua sumu hii. Mwaka 1974 magharibi ya India watu zaidi ya 100 walikufa kwa mahindi mabovu, na mbwa walioshiriki chakula cha nyumba hizo waliugua na kufa kama wao. Nchini Kenya mwaka 1977 walikufa mbwa na kuku wengi katika miji ya Nairobi, Mombasa na Eldoret. Mwaka 1981 watu 12 walikufa Machakos. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafariki, wengi wao kwa mahindi waliyoyalima na kuyahifadhi wenyewe.

Tuliwapeleka watoto kwenye kituo cha afya, na kwa bahati njema hawakuonekana na dhara. Ikabaki shauri la magunia matatu. “Magunia matatu!” alisema baba watoto, “na mshahara bado wiki mbili.” Hata hivyo ni yeye aliyeshika jembe akachimba shimo. Wiki hizo mbili tulizipitisha kwa matoke, viazi vitamu, na unga wa muhogo tuliokopeshwa na jirani yetu, mama mmoja kutoka Kivu.

Jirani huyo huyo, baada ya miezi minne, alituletea mtoto wa mbwa. “Mwalimu,” aliniambia, “huyu usimpe takataka.” Maneno yake yaliniingia. Nilimfuata tena daktari wa mifugo, safari hii nikiwa na daftari, nikamwomba anifundishe jinsi ya kumlisha mbwa kwa vyakula vya shamba letu. Niliporudi nilichukua chaki nikaandika ukutani mwa jiko safu tatu, kama ubaoni: Ndiyo, Kwa Sharti, na Hapana.

Kwanza kabisa, alisema daktari, mbwa si mbuzi. Asili yake ni mla nyama, ingawa kwa kuishi karibu na moto wa binadamu kwa maelfu ya miaka amejifunza kumeng'enya vyakula vya wanga vilivyopikwa. Mwili wake hujitengenezea vitamini C, kwa hiyo tunda kwake ni kionjo, si lazima. Mboga na matunda vinaweza kuongeza sahani ya nyumba ambamo nyama hununuliwa mwisho wa mwezi, lakini haviwezi kushika mahali pa mukene, yai lililopikwa au utumbo uliochemshwa. Kionjo cha matunda kisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku.

Katika safu ya Ndiyo niliandika boga lililochemshwa, viazi vitamu vilivyomenywa na kuchemshwa, karoti iliyokatwakatwa, na matoke yaliyopikwa bila chumvi wala viungo. Matunda ni kipande cha ndizi mbivu, papai lisilo na mbegu, tikiti maji lililotolewa mbegu na ganda, na nanasi kidogo lililomenywa.

Safu ya Kwa Sharti ni ndefu zaidi. Maharage yapikwe hadi yalainike kabisa, kwani yaliyo mabichi au nusu kuiva yana sumu hata kwa mtu. Muhogo umenywe, ulowekwe na kupikwa vizuri, hasa ule mchungu, ambao ukiwa mbichi hutoa sumu kali. Viazi ulaya vilivyogeuka kijani au kuchipua visipewe mbwa, kama visivyopaswa kupewa mtoto. Nyanya iwe mbivu, bila jani wala kikonyo. Embe litolewe kokwa. Parachichi, ambalo wengi hapa huliita ovakado, apewe kijiko kidogo cha nyama yake tu, kwa sababu lina mafuta mengi, na kokwa lake hukwama kooni au matumboni. Ganda na kokwa vitupwe mbali naye.

Safu ya Hapana ndiyo iliyonishangaza, kwa kuwa imejaa vitu vizuri tunavyokula sisi wenyewe. Cha kwanza ni kitunguu, cha maji na cha saumu pia. Kikiwa kibichi au kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kiasi cha gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa kinatosha kumdhuru. Maana yake, kwa mbwa wa kilo 15, vitunguu viwili au vitatu vya kadiri vyaweza kuwa hatari, na kidogo kidogo kila siku hujilimbikiza. Dalili huenda zisionekane siku ile ile: fizi hupauka, mkojo huwa mwekundu au rangi ya chai, naye huchoka upesi. Nikakumbuka mchuzi wote niliokuwa nikimmwagia Simba juu ya posho.

Cha pili ni zabibu, mbichi na kavu, pamoja na ukwaju. Hivi vyaweza kuua figo za mbwa, wala haijulikani mapema ni mbwa yupi atakayedhurika kwa kidogo na yupi kwa kingi. Usiseme kwamba Isingiro si nchi ya zabibu. Majirani zetu Wasomali wa Nakivale hupamba wali wa sherehe kwa zabibu kavu, na ingawa wao hawafugi mbwa nyumbani, mbwa wetu hawajui mipaka. Harusi ikiisha, ndio wa kwanza kuzunguka masufuria.

Yafuata kahawa, zao letu la Ankole, na majani ya chai, kwani huusukuma moyo wa mbwa kupita kiasi. Makadamia nazo humlegeza miguu ya nyuma. Mwisho ni gunzi la mahindi. Gunzi halina sumu, lakini mbwa hulimeza vipande vipande, nalo halimeng'enywi. Huziba utumbo, na bila kupasuliwa mbwa hufa kwa maumivu. Ni desturi yetu kula mahindi ya kuchoma barabarani na kumrushia mbwa gunzi kwa upendo. Tafadhali tuiache.

Mbwa akila kitu kibaya, usimnyweshe chumvi, mafuta wala maziwa kwa nguvu kwa nia ya kumtapisha. Weka kipande cha kile alichokula, kumbuka saa na kiasi, umwite daktari wa mifugo mara moja. Swali la kwanza atakalokuuliza ni lile aliloniuliza mimi.

Sasa mahindi yetu huanikwa juu ya turubali, na magunia hukaa juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kuyafunga ninatumia jaribio rahisi ambalo askari yeyote anaweza kulifanya hata kambini. Tia punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, uache kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Yaliyoota ukungu hayaendi kwa mbwa, wala kwa kuku. Kuku naye hurudi mezani kwetu kwa njia ya yai.

Ukuta wa jiko umeshapakwa moshi, lakini safu zangu tatu bado zasomeka, na wanangu wazijua kwa moyo kuliko hesabu za kuzidisha. Juzi binti yangu, yule niliyemkabidhi lile debe, alimzuia mgeni wetu aliyetaka kumtupia mbwa mfupa uliojaa mchuzi wa vitunguu. “Samahani, mjomba,” alisema, “kwetu mbwa hali vitunguu.” Mgeni alicheka sana. Mimi sikucheka.

Ndugu zangu wa kambini na wa vituo vya polisi, akina mama na akina baba, tusione haya kumwuliza daktari wa mifugo habari za chakula cha mbwa. Kuuliza si ujinga. Na jioni hii, kabla hujaimimina ile sahani uani, itazame kwanza, kisha utazame na gunia ilikotoka.